Kifuniko cha nyuma ya jeep: tununue ao tuache?



Jeep nyingi za koperative zetu ni za zamani. Zimepita kwa mikono ya watu wengi mbele ya kufika kwetu, na mara nyingi kile kifuniko cha nyuma, kile cha kuvuta kama pazia juu ya mizigo, kimekwisha kupotea. Halafu muuzaji wa vipuri anakuja: "Niko nacho, leteni tu feza." Je, komite ikubali?

Kwa jeep inayobeba mazao, mimi nasema hapana. Tuangalie kwanza kazi yake. Kifuniko hiki kilitengenezwa juu ya kuficha. Mwenye gari anasimama mjini, anaacha sakoshi nyuma, wapita njia hawaioni. Njo hiyo tu. Hakikamati mzigo, wala hakizuii vumbi.

Na vumbi, wakati wa kiangazi, munaijua. Gari ikikimbia, hewa inapungua nguvu nyuma yake, na nafasi hiyo inavuta vumbi pamoja na moshi wa mazuti. Vyote vinaingia kupitia raba ya mlango wa nyuma iliyokauka na kupasuka. Kifuniko kiko juu, vumbi inapita pembeni. Sasa fikirieni kahawa parche, kitu kinachoshika harufu upesi sana. Mkulima ameifua, ameikausha mpaka unyevu umefika 12 kwa mia, amechagua punje mbovu kwa mkono. Halafu inalala njiani ndani ya gari inayonuka mazuti, na muonjaji anaikuta harufu ile ndani ya kikombe. Bei inaanguka juu ya wakulima wote, hapana juu ya shofere.

Kwa hiyo feza iende kwanza kwa raba ya mlango. Kuipima ni rahisi: fungeni mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha mukivute. Kikitoka bila kugomba, raba imekufa. Mupime pande zote, zaidi kule chini. Tena musitembee na kioo cha nyuma wazi, na bido ya mazuti isipande pamoja na kahawa, hata siku moja.

Kisha mununue kamba za kukaza. Mfuko wa kilo 50 hausimami pale gari inaposimama kwa ghafula. Unaendelea mbele, kwa migongo ya watu. Wengine watasema kifuniko kinazuia watu kupanga mifuko kupita kimo cha viti. Ni kweli, lakini alama ya rangi ukutani inafanya kazi ileile, tena bure.

Kuna jeep moja ambako ningekubali: ile ya agronome, inayobeba kompyuta, vitabu vya hesabu na mbegu za mboga, na inayosimama mjini juani. Kivuli kinasaidia mbegu, na macho ya wezi hayaoni kitu. Chanjo ya kuku ni habari ingine, ile inataka sanduku la baridi.

Mukikinunua kwa gari ile, mwende na gari yenyewe. Vishimo vya kushikilia fimbo yake havifanani kwa kila aina. Mukivute mpaka mwisho, mukiachilie polepole. Kisiporudi chenyewe, risoro yake imechoka, musitoe hata franka.