Mradi Ubaki Mikononi mwa Mtoto

Toleo hili tumelitenga kwa kazi mradi za Gredi ya 4 hadi ya 6, na msimamo wetu ni huu: mradi ulioundwa na mzazi usiku, mtoto akiwa amelala, haumfunzi mtoto chochote, hata upendeze vipi. Wazazi wanalijua hilo, na walimu pia. Watoto ndio wanaolijua zaidi, maana asubuhi ni wao wanaosimama mbele ya wenzao kueleza kitu wasichojua kilivyotengenezwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali letu ni vimeundwa na nani.

Tangu Mtaala wa Umilisi ufike Gredi ya 4 mwaka 2020, kilio hiki kimesikika kila pembe ya Kenya. Akina mama wameshona sanamu za kutishia ndege hadi usiku wa manane. Akina baba wamekimbilia saiba kuchapisha picha za rangi kwa pesa zilizokuwa za unga. Wapo waliokata shauri kwamba mtaala wenyewe ndio mbovu. Hatukubaliani nao. Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili hujifunza vizuri anapotenda, anapokosea na anapojaribu tena. Kosa letu ni kuitoa kazi darasani na kuipeleka nyumbani, kisha kutoa alama kwa umbo la kitu badala ya fikra zilizokizaa.

Afrika Mashariki imewahi kupita njia hii. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule, na wayaone matokeo ya maamuzi yao. Katika shule nyingi jembe lilibaki, kufikiri kukaondoka. Kulima kukawa sulubu, pengine hata adhabu. Kenya nayo ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ilitilia mkazo masomo ya vitendo kama sanaa na ufundi, sayansi ya nyumbani na kilimo. Wazazi walichanga, karakana zikaanza kujengwa. Zana hazikutosha, mtihani ukawa wa karatasi, na watoto wengi wakakariri majina ya vifaa ambavyo hawakuwahi kuvishika. Mara zote mbili nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni nafasi ya mtoto kuuliza na kuamua.

Tuchukue mradi mmoja tuutazame kwa karibu: kipima mvua. Kinachohitajika ni chupa ya plastiki ya lita mbili yenye pande zilizonyooka. Watoto wanaikata juu, wanaipindua sehemu ya shingo na kuipachika iwe faneli. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo wanatia changarawe, wanamimina maji hadi yazifunike, kisha wanapiga mstari: hapo ndipo sifuri. Wanabandika rula kuanzia mstari huo, wanaisimika chupa uwanjani, na kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa hapa kwetu husoma mvua, wanaandika kipimo.

Sasa tuseme mvua imenyesha, kikundi kimoja kinaleta milimita 12 na kingine 19. Mwalimu mwenye haraka atasema nani yuko sahihi. Mwalimu tunayemtetea hapa atatoka nje na darasa lake. Watoto watazikagua chupa mpaka wagundue kwamba moja ilisimikwa karibu na ukingo wa paa, ikapokea matone ya mabati juu ya yale ya mawinguni. Watabishana, wataihamisha, watasubiri mvua nyingine. Ubishi huo ndio somo lenyewe, na hakuna mzazi anayeweza kuufanya kwa niaba ya mtoto.

Kisha hesabu inaingia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 10 ikilinyeshea, ni lita 1,600. Hata sehemu yake ikipotea njiani, mtoto wa Gredi ya 6 aliyeipiga hesabu hiyo mwenyewe ana haki ya kumwuliza mwalimu mkuu kwa adabu mbona maji yote yanaishia mtaroni. Mzazi naye ana nafasi yake, nayo ni ya kuulizwa: nyanya anaweza kueleza masika yalianza mwezi gani enzi zake, na watu walijuaje kwamba yamekaribia. Mradi mzima umegharimu chupa iliyookotwa, rula na daftari.

Suala la alama ni zito. Baraza la Mitihani lilipopanga tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, lilizipa tathmini za shuleni asilimia 60 na mtihani wenyewe asilimia 40. Uzito huo ukiangukia kazi ya mzazi, tunapima nyumba. Mtoto wa mama anayerudi kutoka kibaruani saa mbili usiku ataandikiwa kwamba anakaribia matarajio, mwenzake mwenye baba fundi ataandikiwa kwamba anayazidi, na hakuna hata mmoja wao aliyepimwa. Kwa hiyo tunapendekeza alama zitolewe kwa daftari la mradi: mtoto aliuliza nini, alikisia nini, alipima nini, kipi kiliharibika na alibadilisha nini.

Walimu watatukumbusha kwamba darasa lina watoto sitini na ratiba imejaa. Ni kweli. Ndiyo maana tunasema miradi ipungue: mmoja kwa muhula, unaobeba hisabati, sayansi na lugha kwa pamoja, unaofanywa kwa vikundi vya watoto sita wanaopokezana kupima, kuandika na kueleza. Jopokazi la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilisikia kilio cha wingi wa masomo, nayo yakapunguzwa. Nafasi iliyopatikana isijazwe na mazoezi ya mtihani.

Makala zinazofuata zimeandikwa na walimu walioko darasani. Wamesimulia miradi iliyofaulu na iliyokwama, na tunawaomba mzisome zote kwa uzito mmoja. Walimu wakuu, wekeni vipindi vya mradi kwenye ratiba na mvilinde. Wazazi, kazi ya kuundwa ikiletwa nyumbani, irudisheni kwa heshima na mwombe ifanywe shuleni. Na siku ya wazazi mtakapozunguka meza zenye kazi za watoto, msiishie kusifu. Mwulizeni kila mtoto: ukianza upya, utabadilisha nini? Aliyeifanya kazi kwa mikono yake atakuwa na mengi ya kuwaambia.