Je, Programu Zetu Zisiguswe?

Wako wenzetu katika Chama cha Kompyuta wanaosema kwamba programu ikisha kufanya kazi isiguswe tena kamwe. Husema, "Mashine inakwenda, iache iende." Neno hili limesemwa mara nyingi muhula huu, na katika mkutano wetu wa mwisho liliungwa mkono na wengi, hata ikapendekezwa liandikwe kuwa sheria ya chama. Mimi sikubaliani nalo. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu, maana shauri lenyewe litakatwa mwanzo wa mwaka ujao, na wakati huo sisi wa Darasa la Sita tutakuwa tumekwisha kuondoka.

Yafaa kwanza nieleze chanzo cha maneno haya kwa wale wasio wanachama. Tangu mwaka 2022 shule yetu hupima mvua kila siku saa tatu asubuhi, na vipimo hutiwa katika programu iliyotungwa na wanachama waliotutangulia. Programu hiyo hujumlisha mvua ya kila mwezi na kuchora grafu ambazo walimu wa Jiografia huzitumia darasani. Likizo iliyopita maktaba zote za kompyuta ile zilitiwa matoleo mapya kwa mkupuo mmoja. Muhula ulipofunguliwa, programu ikakataa kwenda. Wiki tatu zilipita bila grafu hata moja, na vipimo vikawa vinaandikwa kwenye vipande vya karatasi. Ndipo wenzetu waliposema: basi, tusiguse tena.

Nawaelewa. Methali yasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini aliyeumwa hawezi kukaa ndani ya nyumba maisha yake yote. Afadhali avae viatu na kuitazama njia.

Tuangalie jambo lenyewe lilivyo. Katika kazi hii "maktaba" si chumba cha vitabu. Ni mkusanyo wa programu zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ambazo mtunzi huziita zimsaidie ili asianze kila kitu mwanzo. Programu yetu ya mvua imeandikwa kwa lugha ya Python. Huita maktaba iitwayo pandas ili kupanga majedwali, na pandas nayo huitegemea maktaba nyingine, NumPy, kwa hesabu. Zote mbili huitegemea Python, na Python huitegemea Windows iliyomo katika kompyuta. Ni kama matofali ya ukuta: ukibadili la chini bila kutazama, la juu huenda lisikae.

Kila toleo la maktaba hupewa namba, kwa kawaida yenye sehemu tatu, kama 1.24.4. Desturi ya watunzi wengi ni hii: sehemu ya kwanza ikibadilika, jua kwamba mambo ya zamani huenda yakavunjika, ya pili ikibadilika, mambo mapya yameongezwa, ya tatu ikibadilika, makosa yamesahihishwa tu. Lakini si wote wanaoishika desturi hiyo kwa ukamilifu, kwa hiyo haitoshi kutazama namba peke yake.

Sasa, je, wiki zile tatu zilipotea kwa sababu ya matoleo mapya? Makosa yaliyotokea yalikuwa matatu, nami nitayaeleza moja moja, kisha msomaji aamue mwenyewe.

Kosa la kwanza lilitoka kwa NumPy, likisema kwamba haina kitu kiitwacho float. Zamani watunzi waliweza kuandika np.float, nalo lilikuwa jina la pili tu la float ya Python yenyewe. Tangu toleo la 1.20, la Januari 2021, NumPy ilianza kuonya kwamba jina hilo litaondolewa. Likaondolewa katika toleo la 1.24, Desemba 2022. Hapa msomaji ataona ile desturi ya namba ilivyovunjwa, maana iliyobadilika ni sehemu ya pili. Lakini ujumbe wa kosa haukuishia hapo. Mistari iliyofuata ilieleza dawa yake waziwazi: andika float peke yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache.

Kosa la pili lilitoka kwa pandas. Programu yetu iliongeza mistari ya jedwali kwa njia iitwayo append. Njia hiyo ilianza kuonywa katika toleo la 1.4, Januari 2022, ikaondolewa katika toleo la 2.0, Aprili 2023, na watu wakaambiwa watumie concat badala yake. Ujumbe wa kosa hili ni mfupi wala hautaji dawa. Lakini maelezo yanayotolewa pamoja na kila toleo yanaitaja. Mwenye kuyasoma hupata jibu, na asiyeyasoma hukaa akilaumu mashine.

Kosa la tatu halikuwa la toleo hata kidogo. Lilikuwa la mipangilio. Kompyuta moja ilisema kwamba pandas haimo, na hali sisi sote tuliiona ikiingizwa. Sababu yake ni kwamba kompyuta ile ilikuwa na Python mbili. Chombo cha kuingiza maktaba, kiitwacho pip, kiliiweka pandas katika Python moja, na programu ikaendeshwa na Python ya pili. Kwa tatizo kama hili mtu aweza kuingiza maktaba mara kumi asipate kitu. Dawa yake ni kuandika amri kwa ukamilifu, python -m pip install, ili Python ile ile itakayoendesha programu ndiyo ipokee maktaba.

Basi nauliza: katika makosa haya matatu, ni lipi lililohitaji wiki tatu? Hakuna. Siku zilipotea kwa sababu makosa yote yalikuja pamoja, na hakuna daftari lililoonyesha matoleo gani yalikuwamo kabla. Kama yangalitiwa moja baada ya moja, kila kosa lingalijulikana mzazi wake. Kama namba za zamani zingaliandikwa mahali, tungaliweza kurudi nyuma siku ile ile, na grafu zikaendelea huku sisi tukitengeneza polepole.

Wenzangu watajibu, "Hata hivyo, kutogusa ni rahisi kuliko yote." Nakubali kwamba ni rahisi kwa leo. Lakini tazameni kesho. Matengenezo ya Python ya pili yalikoma tarehe 1 Januari 2020, baada ya watu kupewa zaidi ya miaka 10 ya kuhamia ya tatu, iliyotolewa Desemba 2008. Waliosema "tusiguse" walijikuta wana kazi ya miaka mingi ya kufanya kwa mara moja. Na Desemba 2021 ilitangazwa hatari kubwa katika maktaba ya Log4j, inayotumiwa katika programu nyingi mno za lugha ya Java. Mtu mbaya aliweza kuiamrisha kompyuta ya mwenzake kutoka mbali. Dawa ilikuwa kutia toleo jipya, na mwezi ule ule matoleo ya 2.15, 2.16 na 2.17 yalifuatana, maana la kwanza halikuziba nyufa zote. Waliokuwa wamezoea kubadili matoleo kwa utaratibu walikuwa na njia ya kufuata. Ambaye hakuwa amegusa kitu kwa miaka mingi ilimpasa ajifunze siku ile ile ya hatari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua kwamba kompyuta yetu ya mvua haimo katika intaneti siku zote, na hatari kama ile ya Log4j si yetu hasa. Sababu yetu sisi ni ya karibu zaidi. Kompyuta huzeeka na kufa, na wanafunzi huondoka. Kompyuta mpya ikiletwa shuleni, haiji na matoleo ya 2022 ndani yake. Atakayeiwasha atapata makosa yale yale, na waliotunga programu hawapo tena wa kuulizwa. Sheria ya "tusiguse" hailindi programu yetu. Huiahirishia kifo chake tu mpaka siku ambayo hayupo ajuaye kuitibu. Na pamoja na programu, twaweza kupoteza vipimo vya mvua ambavyo wenzetu wamevikusanya tangu 2022, kila asubuhi, hata siku za mvua yenyewe.

Kwa hiyo badala ya sheria ile, mimi napendekeza mambo manne.

La kwanza, tusome ujumbe wa kosa wote. Katika Python mstari wa chini kabisa ndio utajao kosa kwa kawaida, na mistari ya juu yake huonyesha faili na namba ya mstari lilipotokea. Wengi huona maandishi mengi wakafunga dirisha. Hiyo ni sawa na mgonjwa kuichana barua ya daktari kabla ya kuisoma.

La pili, tubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha tujaribu. Hili lina maana hasa pale maktaba zinapotegemeana. NumPy ilitoa toleo la 2.0 mwezi wa Juni 2024, la kwanza kubadili namba ya mbele tangu 1.0 ya mwaka 2006. Maktaba zilizojengwa juu ya NumPy ya zamani hazikuweza kuendeshwa na mpya. Pandas yenyewe ilianza kupatana nayo katika toleo la 2.2.2. Mwenye kujua hayo atatangulia kupandisha pandas, ajaribu, ndipo aiguse NumPy. Au ataamuru NumPy ibaki chini ya 2 mpaka awe tayari.

La tatu, kila programu ipewe mazingira yake ya pekee, ambayo Python huyatengeneza kwa amri ya python -m venv. Hapo maktaba za programu ya mvua hazitagusana na za mchezo wa mwanafunzi mwingine, nasi twaweza kujaribu matoleo mapya upande mmoja huku ya zamani yakiendelea kufanya kazi upande wa pili.

La nne, nalo ndilo kubwa: tuandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Amri ya pip freeze hutaja kila maktaba na namba ya toleo lake, na orodha hiyo huwekwa katika faili liitwalo requirements.txt. Mwenye orodha hiyo aweza kuyarudisha mazingira yale yale katika kompyuta nyingine. Faida yake tunaiona katika zile kompyuta zetu kuukuu zenye Windows 7. Hizo hazipokei Python iliyo juu ya 3.8, na kwa Python 3.8 mwisho wa pandas ni 2.0.3, na mwisho wa NumPy ni 1.24.4. Asiyejua atahangaika kutwa nzima akitafuta toleo la juu zaidi. Anayesoma daftari atajua hapo hapo, tena atafurahi kuona kwamba programu ikisha kusahihishwa float na concat, huenda vizuri katika kompyuta kuukuu na katika mpya pia.

Nimesikia pia neno la fedha: kwamba kupakua matoleo kila mara hula data, na chama chetu hakina fedha nyingi. Neno hili ni la haki, lakini lina jibu. Amri ya pip download hupakua maktaba zilizomo katika orodha na kuziweka katika folda. Folda hiyo huchukuliwa kwa flashi mpaka kwenye kompyuta nyingine, na pip huambiwa isitafute katika intaneti bali ndani ya folda ile. Ni sharti tu kompyuta hizo ziwe na Windows na Python za namna moja. Hivyo tutalipia data mara moja kwa kompyuta nyingi, na flashi ile ikitunzwa kabatini itakuwa akiba ya siku tutakapotaka kurudi nyuma.

Wako wanaofikiri kwamba kazi ya namna hii ni ya mafundi wa mjini, na kwamba sisi wanafunzi tunajifanya tu. Hasha. Hakuna katika mambo yale manne linalohitaji cheti. Kusoma mpaka mwisho, kubadili kimoja kimoja, kutenga vyombo, na kuandika ulichofanya, ndivyo tunavyofundishwa katika chumba cha Kemia kila wiki. Hakuna mwalimu wa Kemia anayetukubalia kumimina chupa zote katika bilauri moja kisha tukaulize ni ipi iliyolipuka.

Wanafunzi wenzangu wa Darasa la Tano, shauri hili litakuwa mikononi mwenu. Nawaomba mkatae sheria ya kutogusa, na mahali pake mwandike sheria ya daftari: kwamba yeyote atakayetia toleo jipya ataandika tarehe, jina lake, namba ya zamani na namba mpya, na jinsi programu ilivyokwenda baada yake. Kurasa za kwanza zimekwisha kujazwa, na daftari limo katika kabati la chama pamoja na flashi. Ufunguo anao mwalimu mlezi.