Upungufu wa Yang na Baridi Tuijuayo



Tumeletewa swali na mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu. Tangu masika ahisi baridi, hata wenzake wakijipepea. Miguu humvimba jioni, mwili hauna nguvu, na choo chepesi humwamsha kabla ya adhana ya alfajiri. Alikwenda kwa tabibu wa dawa za Kichina, akatazamwa ulimi, akashikwa mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, kisha akaambiwa ana “upungufu wa yang” na kupewa chupa mbili za vidonge. Auliza mambo mawili: je, maradhi haya ni ya kweli? Na je, dawa hizo ni halali?

Kwanza neno lenyewe, maana limewatia hofu baadhi ya watu wakidhani ni ibada ya wageni. Katika asili yake, yin ni upande wa mlima wenye kivuli, na yang ni upande unaopigwa na jua. Matabibu wa China walilichukua neno hilo wakaliita yang lile joto linalofanya kazi mwilini: linalosaga chakula, linalofikisha damu kwenye ncha za vidole, linaloyaondoa maji yasituame miguuni. Anayelitumia kueleza hali ya mwili hana makosa zaidi ya anayesema “nina baridi”. Anayeitakidi kuwa hizo ni nguvu zenye kujiendesha pasi na Muumba, huyo ana neno jingine, na si neno la utabibu.

Nasi watu wa pwani hatuna haki ya kuyashangaa mambo haya. Maradhi ya viungo twayaitaje? Baridi yabisi. Maneno hayo mawili yametoka katika tibabu ya Kiarabu, ya Ibn Sina na waliomtangulia, waliougawa mwili kwa joto na baridi, majimaji na ukavu, wakaiita hali hiyo mizaji. Tena tibabu hizi mbili, yao na yetu, zilikwisha kukutana zamani. Mwaka 1313, Rashid al-Din, waziri wa Kiajemi, alisimamia kitabu kilichofasiri elimu ya utabibu ya Wachina kwa Kifarsi. Huko China nako kulikuwa na kitabu cha dawa za Waislamu, Huihui Yaofang, chenye juzuu 36. Zimesalia 4 tu, nazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Beijing, na ndani yake majina ya dawa yameandikwa kwa herufi za Kiarabu kando ya maandishi ya Kichina.

Sasa, upungufu wa yang hutambulikanaje? Mgonjwa huchukia baridi na kupenda vinywaji vya moto. Mikono na miguu hupoa, uso hupauka, kiuno na magoti huuma kwa ubaridi, na mkojo huwa mwingi na mweupe. Ulimi huwa umepauka, umejaa maji, na kingo zake zina alama za meno. Mshipa hupiga polepole na kwa unyonge. Choo cha kabla ya alfajiri wana maelezo yake mazuri. Husema figo ni moto na tumbo ni chungu. Saa hiyo ya mwisho wa usiku ndipo baridi inapokuwa imetawala, na moto uliofifia hauwezi kukichemsha chungu, basi chakula hutoka kabla hakijaiva. Figo wanayoitaja si hii tu anayoipima daktari wa hospitali. Kwao ni jina la asili ya nguvu za mwili, uzazi ukiwa ndani yake.

Matibabu yao ni kutia moto. Dawa mashuhuri ya zamani, inayotoka kwa tabibu Zhang Zhongjing aliyeishi karne ya 2 na mwanzoni mwa ya 3, ina vitu vitatu tu: tangawizi kavu, mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irqi susi, na mzizi uitwao fuzi (lisidhaniwe fuzi la begani). Kwa choo cha alfajiri hutumia vidonge vyenye kungumanga ndani yake. Mdalasini, karafuu na shamari zimo pia katika dawa zao za kutia joto. Na uwatu, ambao Waarabu huuita hulba? Wachina wauita huluba, jina walilolipata kwa Waarabu pamoja na mbegu zenyewe, nao huutumia kwa baridi ya figo na maumivu ya chini ya kitovu. Mzazi wa Kichina huketi ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, hulishwa vyakula vya moto vyenye tangawizi. Mama zetu wanaowakanda wazazi na kuwapikia uji wa pilipili manga katika siku arubaini hawangehitaji mkalimani kuelewa kinachofanyika humo chumbani.

Kuna pia kuchoma majani. Huchukua majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, wakayasokota kama sigara nene, wakayawasha na kuyaweka karibu na ngozi, upana wa vidole vinne chini ya kitovu, au kiunoni, au chini ya goti, mpaka pahali hapo papate joto na wekundu. Si ile kei ya kuchoma ngozi kwa chuma, ingawa wako wanaochoma hadi ngozi ikatoka malengelenge. Mwenye mimba asichomwe tumboni wala kiunoni. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asichomwe mguuni kabisa, kwani ataungua asijue.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wawe waangalifu. Fuzi ni sumu. Ni mzizi wa mmea ambao Waarabu waliujua kwa jina la bishi, na Ibn Sina aliutaja miongoni mwa sumu kali. Wachina huurowesha na kuupika kabla haujauzwa, kisha tabibu huuchemsha peke yake muda mrefu kabla ya kutia dawa nyingine, maana moto wa muda mrefu huivunja sumu. Usipochemka vizuri, midomo na ulimi hufa ganzi, hufuata kutapika, kisha moyo hupiga ovyo, na mtu aweza kufa siku hiyo hiyo. Basi asiununue mtu sokoni akajipikia jikoni, wala mwenye mimba asipewe. Pia dawa za moto humdhuru asiyezihitaji. Yuko mwenye viganja vya moto, jasho la usiku na ulimi mwekundu mkavu. Huyo kwa hesabu yao amepungukiwa na yin, na kumtia joto ni kumzidishia maradhi.

Tumrudie mama aliyetuuliza. Baridi isiyokwisha, uvimbe, uchovu na weupe wa uso huonekana pia tezi ya shingoni inapolegea, na damu inapopungua, na figo au moyo unapodhoofika. Upungufu wa damu ni jambo la kila siku kwa wanawake wanaozaa na kunyonyesha, na tezi hulegea kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Haya yote hupimwa hospitalini kwa damu na mkojo, na tezi iliyolegea ina kidonge chake kinachojulikana. Jina la Kichina laweza kuwa sahihi kwa lugha yake na bado likamchelewesha mgonjwa. Rai yetu ni kwamba apimwe kwanza, na vidonge vikae katika chupa mpaka majibu yatoke. Hatusemi hivi kwa kuidharau tibabu ya China. Dawa ya malaria inayotumika leo katika zahanati zetu ilitokana na mmea wa vitabu vyao, na bibi Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini aliupima mmea ule maabarani, hakutosheka na sifa zake.

Amma uhalali, mimea ni halali maadamu haidhuru wala hailevyi. Mashaka yako kwa wanyama. Mwambie tabibu akusomee orodha, usikilize majina matatu. Lurong ni pembe changa ya paa dume, nayo aghlabu hukatwa mnyama yu hai. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kilichotengwa na mnyama aliye hai hukumu yake ni ya mzoga. Gejie ni mjusi mkubwa aliyekaushwa. Ziheche ni kondo la nyuma la binadamu, na mwili wa binadamu una heshima hauliwi. Wachina wenyewe waliiondoa katika orodha yao rasmi ya dawa ya mwaka 2015. Dharura haidaiwi hapa wakati mdalasini na uwatu vipo. Dawa zilizorowekwa katika pombe nazo tuziache, hata muuzaji akisema ni kijiko kimoja tu.

Wake zetu watusamehe tukigusa jambo la aibu. Vidonge vya “yang ya figo” huuziwa waume wenu kwa nguvu za kiume, na mara nyingi katika dunia vidonge vya namna hiyo vimekutwa vimechanganywa kwa siri na dawa ya hospitali, ile ile ya kazi hiyo. Mume mwenye maradhi ya moyo anayetumia dawa za nitreti aweza kushukiwa na presha ghafla, akaanguka. Ukiona chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, mwulize kwa upole, naye akamwonyeshe daktari wake.

Wengine wametuuliza kuhusu funga. Vidonge na dawa ya kuchemsha hubatilisha swaumu, basi vinywewe baina ya futari na daku. Joto la majani juu ya ngozi halibatilishi, wala sindano nyembamba zisizofika ndani ya tumbo. Na ambaye daktari amemkataza kufunga kwa maradhi yake ana ruhusa ya mgonjwa. Siku zake atazilipa akipata afya, inshallah.