Usikichome kabla hujauliza maana yake

Leo nina kisa kilichonipata hapa Ruiru, na ukimaliza kukisoma nitakuomba jambo moja tu.

Jumamosi moja jioni jirani yangu alibisha hodi. Mkononi alishika mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na sanamu ya mti isiyozidi kimo cha chupa ya soda. Kichwa chake kilikuwa na nyuso nne, kila uso ukitazama upande wake. Sanamu hiyo mwanawe alikuwa amepewa na mpangaji Mkongomani aliyekuwa akihama ploti yao, iwe zawadi ya kwaheri.

"Mwandishi, wewe husoma mambo mengi," akaniambia. "Hii si uchawi kweli? Makaa yameshashika. Nimeona nikuulize tu kabla sijaitia motoni."

Nyuma yake alisimama yule kijana, wa gredi ya saba, machozi yakimlengalenga. Nikamwomba mama anipe hadi Jumatatu.

Usiku ule nilimpigia simu yule Mkongomani. Alicheka kidogo, kisha akasema sanamu yenyewe si ya kale, ni kazi ya fundi wa kuuzia watu sokoni. Lakini mfano wake ni wa kwao, kwa Walega. Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata, msomaji wangu, ndiyo haya.

Walega wanaishi katika misitu ya mashariki mwa Kongo, sehemu za Shabunda na Mwenga huko Kivu Kusini, na Pangi huko Maniema. Hawakuwa na mfalme. Kilichowaunganisha ni chama kiitwacho Bwami, ambacho mtu alikipanda daraja baada ya daraja kama ngazi, hadi daraja la juu kabisa liitwalo kindi. Mali peke yake haikutosha kumpandisha mtu. Jamaa zake walitakiwa wamuunge mkono, na yeye mwenyewe alitakiwa awe ameonyesha upole, haki na kujizuia. Tena wanawake walikuwa na madaraja yao, na daraja lao la juu, kanyamwa, lilikwenda sambamba na kindi ya waume zao. Mwanamume hakufika kileleni akimwacha mkewe bondeni. Hilo nawaachia wanaume wa Thika na Ruiru walitafakari!

Katika mafunzo ya Bwami ndimo sanamu hizi zilimotumika. Zilikaa zimefungwa mfukoni au kikapuni, zikatolewa siku ya mafundisho, na mwalimu akaziinua moja moja huku akiimba na kucheza. Kila sanamu ilikuwa na methali yake. Bila methali, sanamu ilikuwa kama kitabu kilichofungwa.

Ile yenye nyuso nyingi wanaiita Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa Vingi. Husemwa kwamba yeye amemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Maana yake ni kwamba mzee wa kweli hutazama pande zote kabla ya kutoa neno, na huona mapema jambo ambalo wengine hawajaliona. Iko nyingine iliyoinua mikono juu, Kasungalala. Huyo ni msuluhishi, aliyeamua ugomvi mkubwa kama mbingu. Na iko Wayinda, mwanamke mja mzito, anayewaonya watu juu ya uzinzi unaoleta balaa katika ukoo mzima.

Sasa niambie, msomaji, haya si yale yale tunayowahubiria watoto wetu mezani kila siku? Hata Waswahili wana kinyago na unyago, na si bure maneno hayo mawili yanafanana. Huko Tanganyika vilevile wasichana na vijana walifundishwa kwa sanamu za udongo, kila moja na wimbo wake.

Sisemi kwamba kwa Walega vilikuwa vitu vya kuchezea. La hasha! Vilikuwa vitu vizito, visivyoonyeshwa kila mtu. Kinyago kidogo chenye ndevu za nyuzi, lukwakongo, mwenyewe alipofariki kiliwekwa kaburini pake, kisha jamaa akakirithi. Vile vya pembe vilipakwa mafuta na kusuguliwa miaka na miaka hadi vikageuka rangi ya asali. (Na hapa nikutahadharishe: ukiletewa leo kitu cha pembe ya ndovu, usikinunue. Sheria ya Kenya inakataza biashara hiyo.)

Lakini watawala wa Kibelgiji hawakupenda chama wasichoweza kukitawala. Mwaka 1948 wakaipiga Bwami marufuku. Sanamu nyingi zikaishia ng'ambo, katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Huko zimesimama ndani ya vioo, nzuri ajabu, lakini nyingi hazina tena jina la aliyezishika wala methali aliyozisemea. Tuna bahati kwamba Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, aliketi na wazee wa Bwami miaka ya 1950, akawauliza na kuandika walichosema.

Usidhani mambo hayo ni ya Kongo pekee. Kwetu Pwani, Wamijikenda humsimamishia mzee wa chama cha Gohu mti uliochongwa, kigango, roho yake ipate mahali pa kukaa. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Aliporudi kumletea picha, vigango vilikuwa vimeibwa. Mwaka 1999 kimoja kikatambuliwa katika mkusanyiko wa chuo kikuu cha Illinois State, na cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Picha moja na maelezo ya mzee mmoja ndiyo yaliyovirudisha nyumbani.

Mimi sina picha, msomaji. Guka yangu, aliyeishi karibu na Thika, alikuwa na muthigi, ile fimbo ya wazee wa kiama. Ilikuwa nyeusi, laini pale mkono wake uliposhika. Baada ya mazishi watu walisafisha nyumba, na fimbo ikaenda jikoni pamoja na kuni. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimesimama pale pale mlangoni, na sikusema neno. Niliona ni mti tu.

Wiki mbili baadaye akaja rafikiye wa zamani kuiulizia. Alisema anajua aliyeichonga, na anajua kesi ya shamba ambayo guka aliiamua akiwa ameishika, ndugu wawili wakapatana. Tulipomwambia ilikokwenda alinyamaza, akavaa kofia yake, akaenda zake. Naye hayupo tena. Kesi ile ilikuwa ipi, na ndugu wale walikuwa akina nani, hakuna wa kuniambia.

Jumatatu nilimweleza jirani yangu haya yote. Alisikiliza, akaigeuza ile sanamu mkononi, uso kwa uso.

"Kwa hiyo huyu anatazama pande zote kabla ya kusema?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Basi ikae," akasema. "Lakini isiwekwe sebuleni. Wageni wa kanisa wakiiona nitaeleza hadi usiku."

Kijana ameiweka mezani anaposomea. Juzi alinieleza methali yake mwenyewe, bila kukosea.

Ombi langu ni hili. Wiki hii angalia nyumbani kwako au kwa wazazi kijijini. Kipo kitu: kigoda, kibuyu, ushanga, fimbo. Muulize mzee aliye hai kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani, kisha uandike daftarini. Ukitaka kukichoma baadaye, ni chako. Lakini uliza kwanza, maana mzee hangoji na moto haurudishi.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.