Viti Mia Moja Vyatosha

Sherehe ya umma ikifanyika Kitui au Wote, mpango ni ule ule: hema la waheshimiwa, spika zinazotikisa vifua, kina mama wa kilumi na ngoma zao wakipewa dakika chache kabla ya hotuba, kisha hotuba zenyewe, ambazo hazihesabiwi dakika. Aliyesimama nyuma haoni uso wa mchezaji hata mmoja. Sanaa ya Ukambani imezoeshwa uwanja, na uwanja hupenda kelele kuliko neno lenye makali.

Kaunti za miji hii miwili zingefaa kujaribu kinyume chake: chumba kidogo, mlango mmoja, viti visivyozidi 100, na humo tamthilia ya nyimbo inayochezwa na vikaragosi kwa ajili ya watu wazima.

Kenya si mgeni wa jambo hili. Mpango wa CHAPS, ulioanza 1994, ulifunza vikundi vya vijana kuzungumzia UKIMWI hadharani kwa vikaragosi, zama ambazo baba na bintiye hawangeitaja kondomu wakiwa wametazamana. Mbinu hiyo ilitoka Afrika Kusini, alikoianzisha Gary Friedman mwaka 1987. Vikaragosi vyake vilikuwa vya rangi ya kijivu, ili mtazamaji yeyote asipate nafasi ya kusema ugonjwa ni wa kabila la jirani. Baadaye, 2009, mchora katuni Gado akaleta XYZ Show kwenye Citizen TV, na wakubwa wa nchi wakajiona wakiwa na nyuso za mpira na masikio makubwa kuliko waliyozaliwa nayo. Ilikuwa kazi ya ujasiri, lakini kioo cha televisheni humtenga mcheshi na anayecheka.

Ukaribu ndio ulioibeba Avenue Q, tamthilia ya nyimbo na vikaragosi ya watu wazima, mjini New York. Ilianza 2003 kwenye Vineyard, ukumbi mdogo, ikahamia Broadway mwaka huo huo, na 2004 ikanyakua tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki mbele ya Wicked, iliyokuwa na mapambo na fedha nyingi zaidi. Wachezaji husimama wazi jukwaani na vikaragosi mikononi, wakiimba kuhusu kukosa kazi, kodi ya nyumba, mapenzi, na ubaguzi ambao kila mmoja hudhani anao mwenzake tu. Muda si mrefu macho ya watazamaji humwacha mtu na kumfuata kikaragosi. Kwa hakika ajabu hiyo haifiki safu ya hamsini.

Sasa tazama kilichopo Ukambani. Wachongaji wake wamekuwa wakiishi kwa mti na patasi tangu Mutisya Munge wa Wamunyu arudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mavazi yangeshonwa KICOTEC, kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui. Visa vipo tele: John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, alichapisha Akamba Stories mwaka 1966, na mazimwi yake hayakusudiwi watoto peke yao. Nyimbo za kusuta ni za jadi, na benga ya Kikamba haijawahi kuona haya kutaja mambo ya chumbani.

Utani wa kamuti, yaani uchawi wa Kikamba, ungefungua onyesho vizuri. Mkenya yeyote akisikia Kitui hukimbilia kuchekesha kuhusu uchawi. Mwanasiasa akikanusha, utani hunoga zaidi. Kikaragosi cha mganga anayeshindwa kurudisha hata simu yake mwenyewe iliyoibwa kingeumaliza kwa wimbo mmoja. Kisha waingie dereva wa lori la mchanga, dalali wa ndengu, na mzee anayesubiri maji ya bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018.

Kanisa litanung'unika, mlinzi mlangoni akague vitambulisho, mambo yaishe. Pesa ndiyo hoja nzito. Phoenix Players, waliocheza miaka mingi katika ukumbi mdogo Nairobi, hawakuokolewa na sifa. Lakini Avenue Q ilipotoka Broadway 2009 ilirudi kwenye ukumbi mdogo zaidi na kudumu hadi 2019, kwani gharama zilishuka pamoja na idadi ya viti. Na Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti utamaduni, burudani ya umma, maktaba na makumbusho, kwa hiyo bajeti ina pa kuanzia. Hakuna haja ya jengo jipya lenye jiwe la msingi. Stoo ya ukumbi wa jamii, pazia jeusi, taa nne na wachezaji watano vingetosha kwa msimu wa kwanza.

Ila onyesho lianze saa tisa alasiri. Matatu za Mutomo na Zombe hazisubiri wimbo wa mwisho.