KONA YA MASOMO: Funika Jibu Kwanza

Vile vijitabu vya maswali ya usimamizi wa mauzo vinasaidia, ila msikariri majibu. Kijana mmoja nilimwuliza: sabuni umenunua 800, umeuza 1,000, faida ni asilimia ngapi ya bei ya kuuza? Akajibu mbio mbio, 25! Kumbe kijitabu chake kiliuliza bei ya kununua. Jibu langu lilikuwa 20. Si mchezo jamani: meneja akipunguza asilimia 25 akidhani anaachia faida tu, atauza 750, hasara 50 kila sabuni. Basi mama, akisoma usiku funika jibu kwa mkono, akueleze kwanza kafikaje. Halafu mbadilishie namba. Akikwama, aje Jumamosi na daftari.