Mwanao asisaini karatasi asiyoweza kuisoma

Jumapili moja mchana nikiwa nyumbani Musoma, simu iliita. Alikuwa mama mmoja wa Bunda, mwenye mgahawa mdogo karibu na stendi. Tulifahamiana nilipokuwa naandika habari za shinikizo la damu kwa kina mama wauza chakula, na tangu hapo huniita "mwanangu mwandishi".

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una mtu anayejua kusoma Kirusi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Mwanawe wa kwanza, miaka 23, alikuwa amepata kazi Urusi. Kazi ya ulinzi wa ghala, mshahara shilingi milioni tano kwa mwezi, tiketi ya ndege, chumba na chakula juu ya mwajiri. Mama alikuwa ameshatoa 150,000 za pasipoti, fedha ya mchezo wa kina mama wenzake, na alikuwa na furaha. Siku hiyo kijana alitumiwa mkataba WhatsApp, kurasa sita zilizopigwa picha, na akaambiwa asaini na kuurudisha kabla ya Jumanne.

"Nimeziangalia hizo herufi," mama aliniambia, "sijaona hata moja ninayoifahamu. Nikajiuliza, huyu mtoto anasaini nini?"

Ninamfahamu daktari mmoja hapa Musoma aliyesomea udaktari Urusi. Nilimtumia zile picha. Haikupita nusu saa akanipigia. Hakuanza hata na salamu.

"Hapa juu pameandikwa Wizara ya Ulinzi. Hii siyo kazi ya ghala. Huu ni mkataba wa jeshi."

Si hadithi ya mbali

Mzazi unayesoma hapa, huenda unasema vita ya Urusi na Ukraine ni habari ya redioni. Ilishafika Tanzania.

Januari 2023, Dk. Stergomena Tax, wakati huo akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitoa taarifa kuhusu Mtanzania Nemes Tarimo. Kijana huyo alikwenda Urusi kusoma shahada ya uzamili. Machi 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa makosa ya jinai. Akiwa gerezani alipewa nafasi ya kujiunga na kundi la wapiganaji la Wagner, kwa ahadi ya malipo na ya kuachiwa huru vita ikiisha. Alikubali. Aliuawa Ukraine Oktoba 24, 2022, na mwili wake ukafika nyumbani miezi mitatu baadaye. Katika taarifa hiyo waziri alikumbusha kwamba sheria za Tanzania haziruhusu raia wake kujiunga na jeshi la nchi nyingine.

Zambia nayo ilipoteza mwanafunzi, Lemekani Nyirenda, miaka 23, ambaye pia alitolewa gerezani Urusi na kupelekwa vitani.

Hao walianzia gerezani. Siku hizi vijana wanaanzia kwenye simu. Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwakuta watu 22 katika nyumba za kupanga Athi River, nje kidogo ya Nairobi, wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Novemba mwaka huohuo serikali ya Kenya ilisema raia wake zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi. Mwezi huohuo Ukraine ilisema imewatambua Waafrika wasiopungua 1,436, kutoka nchi 36, wakipigana upande wa Urusi. Waliohojiwa baadaye walieleza jambo lilelile: waliambiwa ni udereva, ulinzi, upishi au kazi ya kiwandani. Wakifika wanawekewa karatasi mezani.

Tusidhani ni upande mmoja tu uliotafuta watu. Ukraine ilitangaza kikosi chake cha wageni wa kujitolea mwishoni mwa Februari 2022, siku chache baada ya vita kuanza. Ubalozi wake nchini Senegal ulipoweka tangazo hilo Facebook, serikali ya Senegal iliutaka uliondoe.

Mwenye binti naye asilale. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi za Afrika, ikiwamo Uganda, walivyovutiwa kwenda eneo la viwanda la Alabuga, Tatarstan, kwa mpango wa kazi na masomo. Wengi walijikuta wakiunganisha droni za kivita. Aprili mwaka huo bweni la eneo hilo lilipigwa na droni za Ukraine na watu wakajeruhiwa.

Sisi watu wa Mara na uanajeshi

Kwetu kuna jambo linaloongeza ugumu. Mkoa wa Mara unaheshimu askari. Mtoto wa kiume akianza kusimama imara huambiwa "mura, wewe utakuwa mwanajeshi". Kambi ya JKT Rwamkoma ipo hapo Butiama, na nafasi za kujitolea zikitangazwa vijana hujaa ofisini na vyeti vyao ndani ya bahasha. JKT yenyewe huwaambia wazi kwamba haiahidi ajira. Wengine wanamaliza mkataba, wanarudi nyumbani na ukakamavu wao, wanakaa kijiweni. Kijana wa Bunda ni mmoja wao. Anayewatafuta watu wa vita anamtaka kijana wa namna hiyo hasa, mwenye nguvu, anayejua kutii amri na asiye na kazi.

Nilikwenda Butiama kwa shughuli nyingine, nikamweleza habari hii mzee mmoja aliyepigana vita ya Kagera. Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia Jenerali David Musuguri.

Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920. Mwaka 1942 aliingia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, akapelekwa Madagaska. Ilikuwa vita ya wakubwa wa Ulaya, na vijana wa Tanganyika waliingizwa humo kama kuni. Lakini mwaka 1979 alikuwa akiongoza askari wa nchi yake dhidi ya Idi Amin, baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, na alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104 taifa zima lilijua ni nani amekufa.

"Yule alikuwa na nchi nyuma yake," mzee aliniambia. "Nami pia. Ningekufa Uganda, baba yangu angepata barua. Huyo wa WhatsApp, baba yake ataandikiwa na nani?"

Mzazi anaweza kumpelekea mwanawe swali hilo jinsi lilivyo. Halimdharau kijana wala halimwambii kwamba ni mwoga. Linamtenganisha askari wa taifa, mwenye namba, mafao na mahali pa kuzikwa, na mtu aliyenunuliwa kujaza nafasi mbele ya mizinga.

Mwili wa anayebaki nyumbani

Naandika habari za afya, kwa hiyo niseme na upande wangu. Vita hii inapiganwa kwa mizinga na droni. Anayerudi anaweza kurudi bila mguu, bila usikivu, au akiwa mzima wa viungo lakini halali usiku, anashtuka bati likigongwa, anagombana na kila mtu. Hayo ni maradhi na yana matibabu. Siyo kulogwa na siyo ukorofi.

Kuna maradhi mengine tunayasahau, ya mzazi aliyebaki. Mtaalamu wa familia wa Marekani, Pauline Boss, ametumia miaka mingi kueleza huzuni ya mtu ambaye ndugu yake hajulikani kama yu hai au amekufa. Huwezi kuanua matanga ambayo hayakuwekwa. Huwezi kulia, kwa kuwa ukilia ni kama umemzika. Huwezi kucheka, kwa kuwa ukicheka ni kama umemsahau. Kwetu, ambako mtu huzikwa nyumbani na kaburi lake huonekana mlangoni, jambo hili lina uzito wa pekee.

Mtu wa namna hiyo hulala na simu mkononi. Hasikii njaa. Mwenye kisukari anaruka dawa, mwenye presha anaacha kliniki. Ukimwona jirani yako katika hali hiyo, usimwambie "Mungu atajua" ukaondoka. Kaa naye, mpikie, mkumbushe dawa, msindikize hospitali aonane na wa afya ya akili. Wala usimlazimishe kufanya msiba wala kutofanya.

Cha kufanya kabla na baada

Kijana wa miaka 23 ni mtu mzima. Huwezi kumfunga kamba. Wapo hata wanaojua wazi kuwa ni jeshi na wanakwenda kwa sababu ya fedha. Ukianza na "huendi popote", atakwenda usiku. Anza na "nionyeshe, tusome pamoja".

Mkataba uwe katika lugha ambayo yeye na wewe mnaisoma. Uwe na jina la mwajiri, mahali pa kazi, kazi yenyewe, mshahara na muda. Ukija kwa Kirusi, tafuteni aliyesomea huko. Mkoani kwetu madaktari na wahandisi wa namna hiyo wapo, na hawatozi fedha kwa kusoma kurasa sita.

Ulizeni wakala ana leseni ya kupeleka watu kazini nje. Hapa nchini leseni hiyo ni lazima, na ofisi ya kazi au Kitengo cha Huduma za Ajira, TaESA, wanaweza kuwaambia kama anatambulika. Tazameni aina ya viza. Viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi.

Jihadharini na maneno mawili: "haraka" na "usimwambie mtu". Kazi halali haiogopi mama wa mtu.

Kama ameshaondoka, weka nakala ya pasipoti yake, namba zote na ujumbe wote, hata wa sauti. Usifute kitu kwa hasira. Toa taarifa polisi na Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina ubalozi Moscow. Kudanganywa na kusafirishwa ni kosa la jinai, tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, kwa hiyo mwanao hapo ni mwathirika, usione aibu. Mawasiliano yakikatika, Chama cha Msalaba Mwekundu hupokea maombi ya familia za kutafuta ndugu waliopotea vitani. Na usitangaze mtandaoni mahali alipo, maana unaweza kumtia hatarini.

Tuliyoyasema mezani

Kijana wa Bunda hakusaini. Lakini msidhani alishukuru. Alimwambia mama yake, "umeniziba riziki", akahamia kwa rafiki yake wiki mbili. Nilipokwenda kumjulia hali mama, nilimkuta anamenya ndizi peke yake.

Aliniambia jambo ambalo sikumuuliza. Kwamba kwa mwaka mzima, kila jioni kijana akirudi mikono mitupu, alikuwa akimtajia mtoto wa jirani aliyejenga. "Wenzako wamejenga. Wenzako wanatuma hela." Hakuwa na nia mbaya. Alitaka aamke.

"Sasa nikajiuliza," akasema, "yule wa WhatsApp alimkuta ameshaamka. Nani alimwamsha?"

Sijui mzazi gani hajawahi kusema neno hilo. Mimi mwenyewe nimeambiwa, na nina shahada na kazi. Haliui mtu likisemwa mara moja. Likisemwa kila siku, kijana anafika mahali anaona bora aende popote kuliko kukaa akitazamwa. Dalali wa vita hana haja ya kumshawishi sana mtu wa namna hiyo.

Kijana alirudi nyumbani siku ya gulio, hakusema kitu, akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Sasa anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Mama anasema jioni akirudi humuuliza amekula nini mchana, na hela haziulizi. Wakati mwingine yeye mwenyewe anazitoa na kuziweka mezani. Wakati mwingine hana, na wanakula hivyohivyo.